Mguu wa Mdalasini

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua tena. Tone la kwanza lilimwangukia Rosnida kwenye paji la uso, la pili sikioni. La tatu sikuliona lilipoangukia, maana mke wangu alikuwa ameshaketi ananitazama. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ninaouogopa, kwamba nyumba hii ni ya mama yake, na kabla ya hapo ya bibi yake, nami nimo humu kwa hisani ya ndoa. Paa likiendelea hivi hadi mvua kubwa, nirudi kwetu. Kwetu ni kwa dada yangu, ambaye hukaa akitazama vijiko vya sukari vinavyoingia kikombeni mwangu.

Wageni wa kujitolea wamerudi. Kila mwaka hutoka Ulaya na Australia kuja kuulinda msitu wetu. Wanapanda miti, wanang'oa mitego ya waya ya wawindaji, wanafunga kamera kwenye mashina. Wanajilipia nauli wenyewe ili waje kunyonywa damu na ruba. Mimi ruba wamenionja tangu utoto na hakuna aliyewahi kuniita mhisani.

Wanalala kwa Sabirin, shemeji yangu, kaka yake Rosnida. Ana choo cha kukalia. Tangu kiwekwe, Sabirin hutembea kama waziri.

Leo mkubwa wao, Bi Liesbeth, ametangaza jambo. Ni Mholanzi mrefu. Huinama kila mlangoni na bado hugonga kichwa. Anasema lugha yetu vizuri, ila kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Amesema mradi utachagua nyumba moja kijijini iwe kituo chao cha kudumu, na nyumba hiyo itaezekwa bati jipya. Nikauliza wataichaguaje. Akajibu kwamba wanataka iliyo karibu zaidi na wanyama.

Nikawakumbusha watu kwamba nyumba yetu ndiyo ya mwisho. Nyuma yetu ni shamba la mdalasini, kisha msitu, kisha mlima, basi. Sabirin akasema mnyama pekee anayeonekana pale ni mimi. Watu wote walicheka. Rosnida ndiye aliyecheka mwisho, na kwa muda mrefu kuliko wote.

Ninawaza.

Jumanne, 4 Novemba

Yupo mnyama mmoja tu wageni hawa wanayemlilia. Simbama

Nimelifuta jina. Halitamkwi karibu na msitu, na sidhani kuliandika ni salama zaidi. Ni yule paka mwenye milia, kichwa kama ngoma. Sisi tunamwita Babu. Bi Liesbeth amemtafuta kwa kamera mwaka baada ya mwaka. Amepata nguruwe. Amepata nungunungu. Mwaka jana alipata makalio ya Sabirin kichakani, kabla ya choo cha kukalia.

Nimechonga mguu wa Babu kwa mzizi wa mdalasini. Kitanga kizuri, vidole vinne. Ni mguu wa mbele wa kushoto. Nilikusudia kuchonga yote minne, lakini kidole gumba kimevimba. Mmoja utatosha.

Kabla ya kuanza niliomba ruhusa. Mimi ni mjanja, si mpumbavu. Nilikwenda msituni hadi kwenye jiwe la chemchemi, anapoombwa Babu, nikaweka tambuu, tumbaku na yai moja. Nikasema, Babu, mjukuu wako ana paa bovu. Niazime mguu wako kwa asubuhi moja tu. Nikishapata bati nitakuletea kuku mweupe.

Msitu ukanyamaza. Hata nyenje walinyamaza. Halafu nikasikia harufu ya wali mpya, ule wa mavuno ya kwanza, ukitoka jikoni. Pale hakuna jiko. Baba yangu alinifundisha nikiwa mdogo kwamba harufu ile ndiyo Babu mwenyewe, akiwa karibu.

Nikachukulia kwamba amekubali. Niliondoka kinyumenyume, kwa adabu, hadi nikagonga mti.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango ulikuwa hivi. Alfajiri, ukungu ukiwa bado mzito, nigonge nyayo kwenye udongo laini kuanzia njia ya msitu, nipite shamba la mdalasini, niishie mlangoni kwetu. Wageni wazione asubuhi, wapige picha, wafurahi, waandike nyumba yangu. Mchana mvua inyeshe kama kawaida na kuzifuta kabla wanakijiji hawajaziona. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kwetu Babu haingii kijijini kutembea. Akiingia, ameleta hukumu. Kuna mtu amekichafua kijiji, na nyayo zinamfuata.

Nilianza vizuri. Nagonga, nasogea juu ya mawe, nagonga. Ukungu ulikuwa mweupe kiasi kwamba mkono wangu wenyewe ulinishtua mara mbili. Katikati ya shamba nikasikia kikohozi. Si cha mtu. Kifupi, kizito, kama gunia la viazi linapoangushwa sakafuni. Nyayo zilizobaki niliziweka mbalimbali sana. Yeyote atakayezipima ataona kwamba Babu alikuwa anakimbia. Hakuwa yeye aliyekuwa anakimbia.

Wageni walipoziona walikumbatiana. Bi Liesbeth alipiga magoti matopeni akafuta machozi. Nikajisikia vibaya kidogo, kisha nikaliwaza bati.

Alifuata nyayo hadi mlangoni kwetu, akagonga kichwa, akaingia. Akatazama paa. Akasema nyumba hii inapendeza sana kwa kazi yao. Rosnida, ambaye hajasikia nyumba yake ikisifiwa tangu nianze kuishi humo, akatoka nje kwa furaha na kuchinja kuku. Kuku mweupe! Nilifika uani shingo ikiwa tayari upande mwingine. Ningesema nini? Amwache huyo, ameshaahidiwa?

Alipikwa mchuzi wa nazi na pilipili. Nilikula paja. Moyoni nililia, lakini nilikula.

Na mvua haikunyesha. Miaka yote huku hunyesha adhuhuri hadi vyura wanachoka. Leo anga ni safi. Na Bi Liesbeth, ili nyayo zisipotee, amezifunika kwa majani ya migomba na nyingine amezimwagia plasta nyeupe ziwe ngumu milele.

Alhamisi, 6 Novemba

Kijiji kizima kimepita nyuma ya nyumba yangu. Wamekuja na watoto, na karanga.

Depati Hasnul, mkuu wetu wa mila, alikuja na fimbo yake. Aliinama juu ya kila unyayo kwa muda mrefu. Bi Liesbeth akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo halimwingii akilini. Nyayo zote ni za mguu mmoja. Wa mbele wa kushoto. Ile mitatu mingine iko wapi?

Nilitazama mlima. Ni mlima mzuri.

Depati hakushangaa hata kidogo. Akasema Babu wa nyama huhitaji miguu minne. Babu wa roho, yule mzee wa wazee wetu, huhitaji mmoja tu, na huyo hashuki kwa dhambi ndogo. Watu wakarudi nyuma hatua moja. Wakatazama unyayo wa mwisho. Wakatazama mlango wangu. Wakanitazama mimi.

Sasa nimebanwa. Nikinyamaza, mimi ndiye mchafu wa kijiji. Mchafu mkubwa hulipa nyati, na hufukuzwa, na hata dada yangu hataruhusiwa kunipokea. Nikisema nimechonga mwenyewe, basi nimemfanyia Babu mzaha na kukidanganya kijiji, na hiyo sijui hata inalipwa na nini. Sijawahi kusikia mtu aliyefanya hivyo. Nadhani hawakubaki wa kusimulia.

Nimeuficha mguu ndani ya mto wa kulalia. Unanukia. Chumba chote kinanukia mdalasini kama sikukuu.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya swala Depati ametangaza kikao Jumapili. Kila mwenye doa alitoe. Asipojitokeza mkosaji, hakuna mtu kwenda shambani, wala wageni kuingia msituni. Mvunaji mmoja wa mdalasini akauliza je magome yaliyoanikwa yakioza. Depati akamjibu kwamba bora yaoze magome kuliko kijiji.

Watu hawapiti tena mbele ya nyumba yetu. Huzungukia mtoni. Mbwa wangu, ambaye hubwekea hata mwezi, tangu jana amejikunja chini ya ngazi na hatoi sauti.

Nimemuuliza Rosnida kama na yeye anasikia harufu ya wali. Akasema hajabandika chungu. Akaniuliza kwa nini meno yangu yanagongana. Nikasema ni baridi.

Jumapili, 9 Novemba

Nilikuwa na mpango. Nao ulikuwa mzuri, sitaki mtu aniambie vinginevyo.

Nitoe dhambi ndogo kabla sijabandikwa kubwa. Nilikwisha kuichagua: kuloweka magome ya mdalasini usiku kabla ya kuyapeleka kwa mnunuzi, ili yawe mazito mizanini. Adhabu yake ni mbuzi. Aibu yake ni ya wiki moja. Na ni kweli nimeifanya, kwa hiyo sikuhitaji hata kudanganya.

Tulikaa ukumbini mikekani. Wageni walikuwa nyuma, miguu yao mirefu imewashinda pa kuiweka. Depati akasoma dua, akauliza nani aanze. Nikavuta pumzi. Kabla sijainuka, Sabirin akasimama, jasho linamtoka, akasema jamani nisameheni, mimi naloweka mdalasini.

Shemeji yangu. Ameninyang'anya wageni na sasa ameninyang'anya dhambi.

Nikatafuta nyingine haraka. Kuchanganya kahawa na mahindi ya kukaanga. Mama Yusna wa kibanda cha kahawa akadakia, akalia, akasema amechanganya tangu ujana. Nikakimbilia ile ya kusingizia ugonjwa siku za kazi ya pamoja. Ikatolewa na wanaume wa safu nzima, kwa sauti moja. Muadhini akasimama akakiri kwamba alfajiri za baridi huweka sauti ya kanda na kurudi chini ya blanketi. Minong'ono ikapita. Sikujua kijiji chetu ni kichafu kiasi hiki. Niliketi nikazitazama dhambi ndogo zote zikiondoka moja moja kama samaki sokoni, hadi nikabaki na kapu tupu.

Depati akasema yote hayo yamesikiwa, lakini nyayo hazikuishia kwa Mama Yusna. Akanigeukia. Bwana Jumadil, unyayo wa mwisho ulielekea wapi?

Kutoka nyuma mtu akasema neno zinaa.

Nikaona nyati. Nikajiona barabarani na kifurushi. Kisha nikasikia sauti ya Rosnida. Alikuwa anacheka. Akamwuliza aliyesema: "Huyu? Na nani? Kwa goti lipi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Yusna alilazimika kushikwa. Depati alijificha uso kwa kilemba.

Nilikuwa nimeokolewa, na badala ya kushukuru nikaumia. Nilitaka kusimama niseme kwamba zamani kulikuwa na wanawake pale Kayu Aro, mashamba ya chai, walioniangalia mara mbili. Rosnida alinivuta shati.

Depati alipopata pumzi akanitazama tena, safari hii bila kicheko. Akasema, mzee mwenzangu, mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea.

Alisema methali tu. Lakini mimi nilisikia kuku. Nilidhani anajua. Nikasema yote. Yaani nusu. Nilisema nilikwenda kwenye jiwe la chemchemi nikamwahidi Babu kuku mweupe, na yule kuku nikamla kwa mchuzi. Mguu wa mdalasini sikuutaja. Haukuulizwa.

Watu walishika vichwa. Rosnida alifunika mdomo, ndiye aliyepika. Depati akauliza ulimwomba nini Babu. Nikasema paa. Hapo Rosnida, kwa mara ya kwanza wiki hii, alinitazama kama mumewe.

Hukumu: mbuzi wetu achinjwe, aliwe na kijiji kizima, kijiji kioshwe. Na kesho alasiri nimpeleke Babu kuku mwingine kwa mkono wangu. Peke yangu. Ahadi ya mtu mmoja hailipwi na msafara.

Sabirin ameniuliza kama nisiporudi anaweza kuchukua panga langu.

Jumatatu, 10 Novemba

Ninaandika kwa shida.

Kuku mweupe nilipewa na mke wa Sabirin, aliyenikabidhi kama anayetoa sadaka ya maiti. Nikauficha mguu wa mdalasini ndani ya sarongi. Nilitaka kuuzika kule kule, yaishe.

Shamba la mdalasini lilikuwa kimya. Nikapita karibu na plasta za Bi Liesbeth, zinang'aa kama mifupa. Baada ya hapo njia ni giza hata mchana. Nilikuwa nazungumza na kuku. Nilimwambia habari za dada yangu.

Karibu na jiwe nikaona nyayo zangu za Jumatano. Halafu nikaona kwamba hazikuwa peke yake. Juu ya kila unyayo wangu kulikuwa na mwingine. Si wa mguu ule ule wa kushoto. Ni miguu minne, inayopokezana. Mtu fulani alikuwa amezifuata nyayo zangu moja baada ya moja, kama mwalimu anayesahihisha daftari.

Nikautoa mguu wa mdalasini nikauweka ndani ya unyayo mmojawapo. Ulikaa mle kama mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Na pembeni maji yalikuwa bado yanachuruzika kuingia ndani ya unyayo. Yalikuwa hayajamaliza kujaa.

Wali mpya. Harufu hadi kwenye ulimi.

Nilijaribu kusema maneno niliyofundishwa na Depati. Kilichotoka ni jina la mama yangu. Kisha kile kikohozi, mbele yangu, chini, ndani ya majani ya tangawizi mwitu. Majani hayakutikisika. Hilo ndilo lililoniua. Kitu kikubwa kile, na jani moja halikutikisika.

Sikumbuki kumwachia kuku. Sikumbuki ndala zangu. Mguu wa mdalasini umebaki kule. Nakumbuka kwamba njiani kuna kitu kilinipita mbio, nikapiga kelele, nikaangalia, ni kuku.

Alifika nyumbani kabla yangu. Nimemkuta bandani, amepanda juu, anatweta. Rosnida ameniuliza kama nimempeleka. Nikasema nimempeleka. Si uongo. Kwamba asirudi, hilo sikuambiwa.

Jumanne, 11 Novemba

Babu amekuja kudai mwenyewe.

Banda limepasuliwa kama karatasi. Amemchukua mweupe, na wengine wote, kama fidia ya usumbufu. Nyayo zimejaa uani, za kweli, hadi chini ya dirisha ninapolala. Pale chini ya dirisha alikaa. Udongo umebonyea kwa umbo lake. Alikaa, akasikiliza ninavyokoroma, akaondoka.

Rosnida alifagia manyoya.

Jumatano, 12 Novemba

Bi Liesbeth alipima nyayo za uani, akatetemeka kwa furaha, kisha akatetemeka kawaida. Amesema hajapata kuona ushahidi bora zaidi. Nikamkumbusha habari ya nyumba iliyo karibu zaidi na wanyama. Akasema ndiyo, na kwamba sasa iko karibu mno. Sheria zao haziruhusu wa kujitolea kulala hapa hata adhuhuri. Kituo kitakuwa kwa Sabirin. Mafundi wanaanza kesho.

Sabirin amekuja kunipa pole. Amekuja na mfano wa bati, ili nione rangi.

Lakini mradi hauwaachi watu wa pembezoni, amesema Bi Liesbeth. Una fungu la kuwalinda na Babu. Kabla ya jioni wageni wenyewe wametujengea banda jipya la kuku: nguzo za chuma, wavu mnene kila upande, makomeo mawili, na juu yake bati jipya. Wametuletea na kuku. Alipokuwa ananikabidhi ufunguo alinitazama mikononi, kwenye vidonda vya patasi. Akasema ni ajabu, plasta zake zote za kwanza zinanukia mdalasini. Nikasema huku kila kitu hunukia hivyo. Akasema ndiyo. Akagonga kichwa, akaenda zake.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua kubwa imeanza. Rosnida ametazama dari, akatazama banda, akanitazama mimi. Akasema kuku wa nyumba hii wamepata paa kabla yake. Nichague: kwa dada yangu au bandani.

Naandika nikiwa bandani. Ni pakavu, lazima niseme. Na pana wavu wa chuma. Kijiji kizima hakuna alalaye salama kuliko mimi na hawa kuku. Wananitazama kwa jicho moja moja. Jioni Sabirin alipita na mwavuli, akauliza, shemeji, leo umetaga?

Acheke. Nimekuwa na muda wa kufikiri, na nimeliona kosa langu. Kosa lilikuwa ni mnyama. Nilichagua anayehukumu watu na kula kuku. Kifaru hahukumu mtu. Hana uhusiano na mila, hali nyama, haendi chini ya madirisha. Huku hajaonekana tangu babu yangu, namaanisha baba wa baba yangu, alipokuwa kijana. Bi Liesbeth akiona unyayo wa kifaru atalia hadi Uholanzi isikie. Kituo cha pili. Bati.

Kifaru ana vidole vitatu tu. Kazi ndogo. Kipande cha mzizi ninacho, na mguu mmoja utatosha.

Ruhusa nimeiomba humu humu ndani, kwa heshima, kupitia kwenye wavu. Nimeahidi bata. Bata tunaye mmoja, na Rosnida amekwisha kumwekea viungo vya sikukuu, lakini hilo litajulikana mbele.

Mvua imepungua kidogo. Nje kunanukia wali mpya. Nadhani ni majirani wanapika.

Upande huo hatuna majirani.